Kabla shemeji hajasaini: wajibu wa kurudi nyuma katika sheria ya kujihami ya Minnesota

Dada yangu uliyeanzisha uzi huu, umeuliza mambo mawili. Umesema shemeji anaendesha teksi usiku hapa Minneapolis, na kwamba katika kundi la WhatsApp la madereva linapitishwa ombi la kuunga mkono mswada wa kuondoa wajibu wa kurudi nyuma (yaani wajibu wa kuondoka kwanza, inapowezekana kwa usalama, kabla ya kutumia nguvu) katika sheria ya kujihami ya jimbo letu. Unataka kujua kama asaini. Tena umeuliza sheria iliyopo sasa inasema nini hasa, kwa kuwa kila aliyechangia amesema lake. Nimekaa siku mbili bila kujibu kwa sababu jambo hili lilinifika mimi mwenyewe, na sikutaka kuliandika nikiwa na hasira. Mimi si wakili. Haya ninayoyajua nimeyapata kwa kukaa meza moja na wakili wangu kwa muda wa miezi saba, na kwa kuisoma hukumu ya Mahakama ya Juu ya Minnesota mstari kwa mstari, kamusi ikiwa pembeni.

Nitatoa jibu langu mapema ili usilitafute chini: asisaini ombi hilo kama lilivyo, lakini pia asiseme kwamba sheria iliyopo inatosha, kwa sababu haitoshi. Pana sehemu moja ya sheria hii inayotuumiza watu kama sisi na ambayo ingeweza kurekebishwa kwa sentensi moja au mbili. Mswada unaopitishwa kwenye simu zenu unairekebisha sehemu hiyo, halafu unabomoa na ukuta ambao sisi wenyewe tumeuegemea.

Mwezi wa Novemba 2024 nilikuwa keshia wa zamu ya usiku katika kituo cha mafuta kaskazini mwa jiji. Ilikuwa yapata saa nane kasorobo usiku, nje barafu imeanza kushika, na mimi nilikuwa nafungua maboksi ya bisi kwa kile kisu kidogo cha kukatia maboksi ambacho wembe wake unasukumwa kwa kidole gumba. Akaingia mtu akitaka sigara, akasema atalipa kesho. Nilipomwambia haiwezekani, alianza kutukana, kisha akakiinua kilango cha mbao cha kaunta na kuingia upande wangu, mkono wa kulia ukiwa ndani ya koti. Alisema ataniacha nimelala pale sakafuni na hakuna atakayeniulizia. Nilimwamini. Niliusukuma wembe mpaka ukalia mara tatu, nikaunyoosha mkono, nikasema "Rudi nyuma!" kwanza kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha iliyokuwa karibu na ulimi, kisha kwa Kiingereza. Akasimama, akautazama mkono wangu, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, akatoka. Kwa mujibu wa saa ya kamera, tangu alipoinua kilango mpaka alipotoka zilipita sekunde kumi na tisa. Sikumgusa, wala yeye hakunigusa.

Mikono ilikuwa ikinitetemeka kiasi kwamba ilinichukua muda kuufunga mlango na kupata simu. Yeye aliwahi kupiga 911, namba ya dharura ya kuita polisi, akiwa pale pale maegeshoni, akasema keshia amemtolea kisu. Polisi walipofika walikuwa wanakuja kwa ajili yangu. Walitazama kamera, na kamera ile haina sauti. Ilinasa wembe, maneno yaliyoutoa wembe haikuyanasa, na mkono uliokuwa ndani ya koti ulionekana kama mkono wa mtu yeyote anayesikia baridi. Nililala mahabusu usiku ule, nikaachiwa kesho yake alasiri bila kufunguliwa mashtaka, nikaambiwa ofisi ya mwendesha mashtaka itaamua. Uamuzi wa kutonishtaki ulikuja Juni 2025. Kati ya Novemba na Juni sikuwa mtu huru wala mshtakiwa.

Sasa sikiliza swali nililoulizwa na kila mtu, kuanzia polisi wa usiku ule hadi wakili wangu mwenyewe: "Mlango wa nyuma ulikuwa wazi?" Sikuulizwa kwanza yule mtu alisema nini, au niliogopa kiasi gani. Nyuma yangu, hatua nne kutoka kaunta, palikuwa na mlango wa stoo. Ni mlango wa chuma ambao baridi ikishika haufunguki mpaka uunyanyue kwa mikono miwili huku ukiuvuta, na usiku ule palikuwa na katoni za maji zimepangwa mbele yake kwa nusu ya upana. Wakili alinituma nirudi na binamu yangu usiku mwingine wenye baridi ya aina ile ile, tupige video nikiufungua. Ilinichukua sekunde sita, mgongo ukiwa umeelekea kaunta. Zile sekunde sita ndizo zilizokaa katikati ya maisha yangu kwa miezi saba.

Kwa nini mlango? Kwa sababu ya namna sheria ya Minnesota ilivyojengwa. Mtu anayedai kwamba alijihami anatakiwa aonyeshe mambo manne: kwamba si yeye aliyeanzisha ugomvi wala aliyeuchochea, kwamba aliamini kwa dhati yuko hatarini kuumizwa, kwamba imani hiyo ilikuwa na msingi ambao mtu mwenye akili timamu angekubaliana nao, na kwamba hapakuwa na nafasi ya maana ya kuondoka bila kujihatarisha. Hilo la nne ndilo linaloitwa wajibu wa kurudi nyuma. Waliochangia juu walisema kwamba mzigo wa kuthibitisha yote haya uko kwa mshtakiwa, na hapo nawasahihisha kwa heshima: mshtakiwa anatakiwa alete ushahidi wa kutosha kuliibua suala, na baada ya hapo ni mwendesha mashtaka anayepaswa kulivunja angalau moja kati ya hayo manne pasipo kuacha shaka ya maana. Lakini ona lipi ni rahisi kwake kulivunja. Hofu iko moyoni, haipigwi picha. Mlango upo, unapimwa kwa futi.

Nyumbani mambo ni tofauti. Ndani ya makazi yako Minnesota haikulazimishi kukimbia, na tangu 2001 Mahakama ya Juu ya jimbo imeshasema hivyo hata pale anayekushambulia ni mtu mnayeishi naye. Hata hivyo makazi yanatafsiriwa kwa ufinyu. Mwaka 2014 mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba korido ya jengo la kupanga si nyumbani kwako, hata kama mlango wako uko hatua mbili. Nalitaja kwa sababu wengi wetu huku Brooklyn Park, pembezoni mwa Minneapolis, na kwingineko tunaishi katika majengo ya namna hiyo, na ugomvi wetu na majirani hutokea koridoni, kwenye ngazi na kwenye chumba cha kufulia. Tena haki ya nyumbani ina mpaka wake: kule Little Falls mwaka 2012, siku ya sikukuu ya Shukrani, mzee mmoja aliwaua vijana wawili waliovunja nyumba yake na kuingia, na mwaka 2014 juri, yaani wananchi wa kawaida wanaoteuliwa kuamua kesi, ikamtia hatiani kwa mauaji ya kukusudia, akafungwa maisha, kwa sababu aliwasubiri chini gizani na akaendelea kuwapiga risasi baada ya hatari kwisha. Kwa hiyo anayekuambia kwamba akiingia mtu kwako unaweza kumfanya upendavyo, anakudanganya.

Mambo yalibadilika tarehe 31 Julai 2024, miezi minne tu kabla ya usiku wangu. Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mtu aliyekuwa kwenye kituo cha treni ya mjini hapa Minneapolis. Mtu mwingine alimtishia kwa kisu. Yeye akatoa panga na kulipunga kwa takriban dakika nzima. Hakuna aliyejeruhiwa. Alitiwa hatiani kwa shambulio la daraja la pili la aina ya kutia hofu, na mahakama ikaona alikuwa na nafasi ya kuondoka. Majaji wanne dhidi ya wawili walikubaliana kwamba hata mtu ambaye hajatumia silaha, ambaye ameionyesha tu ili kumtia hofu anayemshambulia, anapaswa kwanza arudi nyuma ikiwa inawezekana. Jaji Paul Thissen, aliyepinga, aliandika kwamba kanuni hiyo haina mfano kwingine nchini Marekani. Nilipoisoma sehemu yake ndipo nilipoelewa kwa nini wakili wangu alikuwa na wasiwasi kuliko mimi.

Wale majaji wanne waliamua kwa maneno yenye mpaka, na huo mpaka ndio ulioniokoa, kwa kadiri wakili alivyonieleza. Hukumu inazungumzia "kifaa kilichoundwa kuwa silaha" chenye uwezo wa kuua au kujeruhi vibaya. Katika kesi ile panga lilichukuliwa kuwa kifaa cha namna hiyo. Mimi nililelewa Kwale, na katika nyumba yetu panga lilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni kama jembe na kama ndoo, la kufyekea na la kupasulia nazi. Sikuwahi kulifikiria kuwa kitu kilichoundwa kwa ajili ya mwili wa mtu. Wakili alishika hoja kwamba kisu cha kukatia maboksi kimeundwa kwa ajili ya maboksi, na kwamba hukumu ya Julai haikifikii. Lakini aliniambia waziwazi kwamba hawezi kuniahidi hakimu atalionaje jambo hilo. Dada, fikiria uhuru wa mtu mzima unavyoning'inia kwenye swali kama kisu cha dukani ni silaha au ni zana.

Na kwetu sisi wageni uhuru si wa jela peke yake. Shambulio la daraja la pili hapa Minnesota lina kifungo kisichozidi miaka saba, na kama silaha iliyotumika si bunduki, sheria inaweka kima cha chini cha mwaka mmoja na siku moja. Hiyo siku moja isikupite. Sheria ya shirikisho ya uhamiaji huhesabu kosa la kutumia nguvu lililopewa kifungo cha mwaka mmoja au zaidi kuwa katika kundi la makosa mazito kabisa, yale yanayoondoa karibu kila njia ya kubaki nchini, hata kama hakimu amekiahirisha kifungo chenyewe na hukukaa jela hata siku moja. Bunge la Minnesota lililijua jambo hili. Ndiyo maana mwaka 2023 lilipunguza adhabu ya juu ya makosa ya kati kutoka siku 365 hadi 364, ili mtu asifukuzwe nchini kwa sababu ya siku moja. Lakini kwa shambulio la daraja la pili hakuna nafuu ya namna hiyo. Mimi wakati ule nilikuwa na ukaazi wa kudumu na ombi la uraia nilikuwa nimelijaza, limebaki kutiwa saini. Wakili alisema lifunge kwenye droo. Mke wangu alilifunga pamoja na vyeti vya watoto, na tulikuwa tukiliona kila tulipotafuta kadi za chanjo.

Baada ya hayo yote mtu anaweza kudhani mimi ndiye wa kwanza kusaini ombi la madereva. Kweli nilikaribia kusaini, Februari 2025, mwenzangu wa kazi aliponiletea karatasi. Kilichonizuia ni kuusoma mswada badala ya kusoma kichwa chake.

Miswada ya namna hii si mipya. Mwaka 2012 mabaraza yote mawili ya Bunge la jimbo yalipitisha mmoja, na Gavana Mark Dayton akaukataa mwezi Machi, akieleza kwamba vyama vya polisi na vya masherifu vilikuwa vimeupinga. Naye alikuwa mtu mwenye bunduki zake mwenyewe. Ule ulitanua maana ya makazi hadi kufika kwenye gari, mashua, hema na baraza ya nje. Tangu hukumu ya Julai 2024 wazo hilo limerudi kwa nguvu, na wabunge wa chama cha Republican wanaoliunga mkono wanaitumia hukumu hiyo kama sababu yao ya kwanza. Katika Baraza la Wawakilishi lenye viti 134 mswada wowote unahitaji kura 68, na uchaguzi wa 2024 uliviacha vyama vyote viwili vikiwa na viti 67 kila kimoja, kwa hiyo mswada haujapita. Kiini chake ni hiki: mtu aliye mahali anaporuhusiwa kuwapo hatakuwa na wajibu wa kurudi nyuma kabla ya kutumia nguvu, ikiwamo nguvu ya kuua, hata kama njia ya kuondoka iko wazi.

Hapo ndipo ninapokataa. Malalamiko yangu yote yanahusu sekunde kumi na tisa ambazo mtu alionyesha wembe na hakuutumia. Mswada unachukua malalamiko hayo na kuyafanya kibali cha kuua. Kutisha ili usiue ni jambo moja, kuua ilhali ungeweza kuondoka ni jambo jingine, na sheria yenye busara ingeyatenganisha. Hukumu ya 2024 iliyachanganya kwa upande mmoja. Mswada unayachanganya kwa upande wa pili.

Niseme pia kwa nini nalisema hili nikiwa mtu mweusi mwenye lafudhi. Zaidi ya majimbo 30 yana kanuni ya kutorudi nyuma, kwa sheria iliyotungwa au kwa hukumu za mahakama. Florida ndiyo iliyofungua mlango kwa sheria ya mwaka 2005. Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA Internal Medicine mwaka 2017 uliangalia vifo vya Florida kabla na baada ya sheria ile, ukakuta kiwango cha mauaji kwa mwezi kilipanda kwa asilimia 24.4, na cha mauaji ya bunduki kwa asilimia 31.6. Mwaka 2013 mtafiti John Roman wa Taasisi ya Urban, taasisi ya utafiti ya Marekani, alipitia takwimu za FBI za 2005 hadi 2010 kwa nchi nzima: mauaji ambayo aliyeua ni mzungu na aliyeuawa ni mweusi yalihesabiwa kuwa ya halali kwa asilimia 11.4, na yale ambayo aliyeua ni mweusi na aliyeuawa ni mzungu kwa asilimia 1.2. Yapo maelezo ya pembeni ambayo takwimu hizo haziyaonyeshi, naye mwenyewe alisema hivyo. Lakini mimi nikiziona najiuliza katika mkasa wa usiku, gizani, watu wawili wakiogopana, nani atakayeaminiwa kwamba hofu yake ilikuwa na msingi.

Mnamo Aprili 2023, Kansas City katika jimbo la Missouri, kijana mweusi wa miaka 16 alitumwa kuwachukua wadogo zake, akakosea nyumba, akabonyeza kengele. Mzee wa miaka 84 aliyekuwa ndani akampiga risasi kupitia mlango wa vioo. Kijana alipona. Missouri imeshaondoa wajibu wa kurudi nyuma. Mzee alishtakiwa, na Februari 2025 alikiri kosa dogo kuliko aliloshtakiwa nalo awali, akafariki kabla ya kuhukumiwa. Wapo watakaosema basi sheria ilifanya kazi, aliyekosea alishtakiwa. Mimi namfikiria shemeji. Dereva wa teksi ni mtu anayepeleka gari kwenye milango ya watu asiowajua saa nane za usiku, na kuna usiku ataingia njia ya gari ya nyumba isiyo sahihi. Sheria inayomwambia aliye ndani kwamba hana haja ya kusubiri wala kufunga mlango kwanza, haimlindi shemeji. Inamhatarisha yeye kuliko inavyomhatarisha mtu anayelala nyumbani saa hizo.

Kuna ndugu mmoja huku juu aliyeandika kwamba kwetu Kenya hakuna mtu anayeambiwa akimbie. Ni kweli kwa nusu. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaturudisha kwenye kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza (common law, ile iliyojengwa na hukumu za mahakama), na huko, kwa jinsi zilivyo leo, kurudi nyuma si sharti. Lakini nafasi ya kuondoka haisahauliki pia: ni mojawapo ya mambo yanayopimwa ili kuona kama nguvu iliyotumika ilikuwa ya lazima. Napenda njia hiyo. Linganisha na Ohio, ambako sheria iliyoanza kutumika tarehe 6 Aprili 2021 haikuishia kuondoa wajibu wa kurudi nyuma. Inakataza hata kuifikiria nafasi hiyo wakati wa kuamua kama mtu aliogopa kwa haki. Yaani juri inaona kwenye picha mlango uko wazi, na inaambiwa isiutie maanani. Mimi niliyeteswa na swali la mlango nasema swali hilo lisifutwe. Liulizwe, lijibiwe, lipimwe pamoja na mengine, ila lisiwe peke yake ndilo linalomtia hatiani mtu ambaye hakumgusa mtu.

Kwa hiyo ninachotaka Bunge lifanye ni kidogo. Kifungu cha 609.06 cha sheria za Minnesota, kinachoruhusu matumizi ya nguvu, kiongezewe maneno ya kusema kwamba mtu anayetishia kwa silaha au kwa zana ili kuzuia shambulio, bila kuitumia, halazimiki kurudi nyuma kwanza. Na kwamba nafasi ya kuondoka inaweza kuangaliwa katika kupima kama kitisho chake kilikuwa cha kiasi. Wajibu wa kurudi nyuma kabla ya kuua ubaki pale ulipo. Nimemwandikia mwakilishi wangu na seneta wangu haya, wa vyama tofauti, na wote wawili walinijibu kwa heshima. Mmoja alisema marekebisho madogo yatachelewesha mswada mkubwa. Mwingine alisema kugusa kifungu hicho kutaufungulia mswada mkubwa njia. Majibu hayo mawili niliyaweka bahasha moja. Kila upande una hofu yake na upande wa pili, na katikati yupo keshia wa zamu ya usiku.

Sasa shemeji mwenyewe, maana usiku wa leo ataingia kazini chini ya sheria iliyopo. Sheria iliyopo, pale inapoondoa wajibu wa kurudi nyuma, inataja makazi ya mtu, gari haikulitaja. Kwa hiyo ndani ya teksi yake achukulie kwamba wajibu uko palepale. Lakini wajibu huo ni wa kuondoka pale inapowezekana kwa usalama. Mtu aliyekaa nyuma yake akiwa amemwekea kisu shingoni hakumwachia nafasi hiyo, na hakuna hakimu atakayemwambia angeruka kutoka kwenye gari linalokwenda. Abiria aliyekwisha kushuka na anatukana akiwa nje ya dirisha ni jambo lingine kabisa: milango ina kufuli, na gari lina magurudumu. Aondoke. Akishuka na kile chuma cha kufungulia matairi mkononi, atakuwa amejitoa mwenyewe katika ulinzi wa sheria, hata kama matusi yalikuwa mazito kiasi gani.

Anunue kamera ya gari inayonasa sauti, na abandike tangazo la kuwajulisha abiria. Nimeshasema kamera yangu ilikosa nini. Likitokea lolote, awe wa kwanza kupiga 911, hata kama mikono inatetemeka, hata kama hakuna aliyeumia, hata kama yule mtu ameshakimbia. Mimi nilichelewa kwa dakika tatu na hizo dakika tatu zilinifanya mimi kuwa mtuhumiwa na yeye kuwa mlalamikaji. Polisi wakifika ataje jina lake, aseme ameshambuliwa na anataka kushirikiana akiwa na wakili, kisha anyamaze, na kama Kiingereza kinampa shida aombe mkalimani, kwa kuwa hilo ni haki yake. Mimi usiku ule nilieleza kila kitu kwa Kiingereza changu cha usiku, na neno moja nililolisema vibaya, nikisema nilitaka "kumtisha" wakati nilikusudia "kumzuia", lilirudi mezani kila mara hadi Juni. Akipata wakili wa jinai, amwambie siku hiyo hiyo kwamba yeye si raia, na aulize kila makubaliano yatagusaje makaratasi yake. Mawakili wazuri wa jinai wapo ambao hawajui ile siku moja inayozidi mwaka.

Kuhusu bastola uliyosema anafikiria kununua, sitamkataza mtu mzima, lakini ajue mambo mawili. Akiwa hapa kwa viza ya muda, sheria ya shirikisho kwa kawaida haimruhusu kabisa kuwa na bunduki, na vighairi ni vichache. Akiwa na ukaazi wa kudumu anaruhusiwa, ila hukumu ya kosa la bunduki inaweza yenyewe kuwa sababu ya kumfukuza nchini, na kima cha chini cha kifungo kwa shambulio la bunduki hapa ni miaka mitatu. Kuitoa na kuionyesha tu, chini ya hukumu ya 2024, hapana mjadala wa kifaa cha maboksi: bastola imeundwa kuwa silaha.

Ile barua niliyowaandikia wabunge wangu nimeihifadhi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ni ukurasa mmoja. Nitumie ujumbe wa ndani nitakutumia zote mbili. Shemeji abadilishe jina, anwani na namba ya wilaya, na pale ninapoeleza kituo cha mafuta aweke habari zake mwenyewe za barabarani. Si lazima awe raia ili aandike. Na kama wale madereva wa kundini wako tayari kuifuta sentensi ya pili ya ombi lao, ile inayotaja nguvu ya kuua, na kuiacha ya kwanza, basi mwambie nami nitaweka jina langu.